Kinanda cha Hook cha miaka 150, rikoda ndogo na laptopu: naweza kukisampuli mwenyewe?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi napiga kinanda kwenye kwaya ya Kiswahili hapa Lowell, Massachusetts. Tunakodi kanisa la Wamarekani mchana wa Jumapili, na ndani kuna kinanda cha mabomba cha zamani, kibao kinasema E. & G. G. Hook & Hastings, Boston. Kina mbao mbili za kii 58 (yaani kibodi mbili), pedali 27 za miguu na stopu 18, yaani sauti 18 tofauti za kuvuta kwa kitufe (nane juu, nane chini, mbili za pedali). Wenye jengo wanasema wataliuza na kinanda hawajui kitaenda wapi. Nimeona watu wanarekodi vinanda vya hivi bomba kwa bomba afu wanavipiga kwenye kompyuta kwa programu kama Hauptwerk au GrandOrgue. Nina rikoda ndogo ya mkononi na laptopu ya RAM 16. Naweza? Nianzie wapi? Na mbona seti (hizo rekodi zilizokwisha kupangwa) za vinanda vya Marekani ni chache kuliko za Ulaya?

JIBU: Marahaba ndugu yangu, na poleni sana na habari ya jengo.

Unaweza. Stopu 18 ni saizi ambayo mtu mmoja mwenye msaidizi mmoja anaimaliza bila kuugua. Ila hiyo rikoda iweke pembeni kwanza, maana kila anayeniuliza hili swali anaanza na maiki, wakati kabla ya maiki kuna ruhusa, kuna baridi ya huko kwenu, na kuna kitu ninachokiita mkia wa sauti, na huo mkia ndo nitakusumbua nao kuliko vyote.

Kwanza ujue una nini hapo. Elias na George Greenleaf Hook walikuwa ndugu, walianza kujenga vinanda Salem mwaka 1827 wakahamia Boston. Mwaka 1871 Hastings akaingia ubia na jina lake likapanda kwenye kibao, afu George akafariki 1880 na Elias 1881, baada ya hapo ikabaki Hook & Hastings tu. Kwa hiyo kibao kikisomeka vile ulivyoandika, chenyewe kinakwambia kinanda kilijengwa kuanzia 1871 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1880, hujauliza mtu yeyote. Hata hizo kii 58 na pedali 27 ni za kipindi hicho, siku hizi Mmarekani anajenga 61 na 32. Na kila kinanda walikipa namba, itafute, saa ingine imeandikwa kwa penseli ndani ya kasha au kwenye bomba la kwanza la stopu. Organ Historical Society, chama kilichoanzishwa 1956, wana orodha kubwa ya vinanda vya Marekani mtandaoni, ukiwa na mji na jina la kanisa huenda ukakuta chako kimo mle na orodha ya stopu zake.

Nakwambia hivi kwa sababu moja. Woburn hapo, mwendo mfupi tu kwa gari kutoka kwako, kulikuwa na kinanda cha Hook cha mwaka 1870 kwenye kanisa la Waunitari. Kanisa lilipofungwa kinanda hakikutupwa, kilifunguliwa kikapakiwa kikavuka bahari, na leo kinapigwa Berlin, kanisa la Heilig Kreuz. Wajerumani wenye vinanda vyao vyote vile walikuja kuchukua cha Massachusetts! Kwa hiyo kabla hujaanza kuwaza sampuli, waambie wenye jengo wasimruhusu mtu yeyote aanze kung'oa mabomba ya bati kwa ajili ya mzani wa chuma chakavu. Sampuli ni picha, na picha ya mzee haimzuii mzee kuendelea kuishi kwingine.

Ruhusa sasa. Omba kwa maandishi. Sauti ya bomba haina hakimiliki ya mtu, Hook walishakufa zamani, lakini rekodi utakayoifanya ina mwenyewe, na jengo lina mwenyewe, kwa hiyo karatasi moja iseme nani anamiliki rekodi, na kama utaruhusiwa kuigawa bure au kuiuza. Mnaelewana vizuri leo wakati wazee wa kanisa wanawajua, jengo likishauzwa mnaanza kuzungumza na wakili wa mtu asiyejua hata kinanda kiko wapi.

Haya, mkia.

Kaa kwenye hicho kinanda siku kanisa likiwa tupu. Vuta stopu ya Open Diapason peke yake, bonyeza C ya katikati, ishikilie sekunde nane hivi, achia. Usisikilize noti, sikiliza ulipoachia. Kwanza kuna kama pumzi fupi, bomba linakata, halafu sauti inapanda darini inazunguka inarudi inapungua, na haipungui yote kwa pamoja, ule ukali wa juu unaondoka kwanza na kinachobaki mwisho ni kama mtu anavuma kwa mbali akiwa amefunga mdomo. Sasa igonge noti ileile kwa haraka, gusa na uachie. Mkia umebadilika kabisa si ndio? Ni mdogo na mwembamba, kwa sababu ukumbi ulikuwa haujajaa, bomba lenyewe lilikuwa halijamaliza kutamka.

Hapo ndo tofauti ya kinanda cha mabomba na kinanda cha plastiki ilipo, wala usidanganywe na mtu anayekuuzia maiki. Ukirekodi noti ndefu tu, programu ikienda kwenye noti fupi inabandika mkia mrefu kwenye mguso mfupi, na ukipiga wimbo wa haraka kila noti inalipuka nyuma yako kama mtu anapiga makofi pangoni. Sikiliza seti za mwanzoni mwa miaka ya 2000 utaisikia hiyo. Kwa hiyo kila kii unairekodi mara tatu: ndefu (sekunde 8), ya kati (nusu sekunde), na fupi kabisa (kama sehemu ya tano ya sekunde). Na kila moja unasubiri mkia uishe KABISA, hadi husikii kitu, afu unahesabu moja tena. Unapopiga, programu inapima umeshikilia kii muda gani na inachagua mkia unaofaa.

Tuhesabu pamoja. Stopu 16 za mikono mara kii 58 ni 928, ongeza za pedali mbili mara 27 ambazo ni 54, jumla 982. (Kwa kweli zitapungua kidogo, stopu ya Oboe ya Hook mara nyingi haina okta ya chini, na stopu nyingine wameikata mbili, besi na juu.) Kila kii ukijumlisha mishiko mitatu na mikia mitatu na kutaja jina la noti, weka sekunde 25. Hiyo inakuja karibu saa 7 za kurekodi bila kukohoa, na kwa sababu mtakohoa, na lori litapita, na ambulensi, zidisha mara mbili. Saa 14, usiku wanne. Nasema usiku makusudi.

Baridi ndo inaua watu hapa. Bomba la kawaida, la mdomo, linafuata hewa, joto likipanda sauti inasafiri haraka na noti inapanda, ni kama senti 3 kwa kila digrii moja ya selsiasi, na senti 100 ndo nusu toni. Inaonekana ndogo. Sasa kanisa la Massachusetts Januari linapashwa joto Jumapili, digrii 20, katikati ya wiki wanashusha hadi 14 kuokoa mafuta. Tofauti ya digrii 6, senti 18. Ukirekodi Diapason Jumapili usiku na Flute Jumanne, ukizichanganya nyumbani zinapigana kama wanakwaya wawili wamegombana, na wewe utamlaumu Hook bure. Mabaya zaidi ni Oboe na Trumpet, yale mabomba ya ulimi, zenyewe hazisogei sana na joto, kwa hiyo hata ndani ya usiku mmoja kinanda kinaweza kuachana na nafsi yake. Nunua vipimajoto viwili vya bei rahisi, kimoja ndani ya kasha la Swell (lile lenye milango ya kufunga na kufungua sauti) na kingine nje kwa usawa wa mabomba (siyo sakafuni, juu kule kuna joto zaidi), andika namba kila mwanzo wa stopu. Ikiondoka zaidi ya digrii moja na nusu, simama, nendeni mkanywe chai. Mi ningekushauri Septemba mwishoni au Mei, hita imezimwa na feni za kupoza watu hazihitajiki, maana hata hizo hita za mvuke zikipoa zinagonga tang! tang! saa ingine dakika arobaini baada ya kuzimwa.

Na mpe fundi aipitie tyuni kabla ya kuanza. Siku moja, lipa hata mkichangishana.

Kelele nyingine: friji ya jikoni la kanisa. Hutaisikia wewe, maiki itaisikia. Izime, na funguo za gari lako ziweke ndani ya hiyo friji, huwezi kuondoka ukaiacha imezimwa na kuku wa kina mama akaharibika, watu wa sinema wanafanya hivyo. Taa za mirija zinavuma, zima. Saa ya ukutani, toa betri. Msaidizi wako avue viatu, akae kwenye benchi lisilolia, na asiwe amekula maharage, nacheka lakini siongopi, nina rekodi moja ya Dulciana, stopu ya sauti ndogo, nzuri sana ila ina mlio wa tumbo la mtu katikati.

Msaidizi mwenyewe mchague vizuri. Hook wako ni wa fimbo, kii inavuta vijiti vya mbao moja kwa moja hadi kwenye kilango cha hewa chini ya bomba, hakuna umeme hapo katikati, kwa hiyo mkono unasikika, anayebonyeza kwa hasira bomba linatamka kwa hasira. Chukua kijana mtulivu wa sauti ya pili, mwambie abonyeze vilevile kutoka noti ya kwanza hadi ya mwisho na aachie kwa usafi, asiteleze.

Maiki nilisema za mwisho, zimefika. Rikoda ya mkononi maiki zake zenyewe zina mvumo, kwenye Trumpet hautajua, kwenye Dulciana utajua. Azima au kodisha maiki mbili nzuri za kondensa, zile zinazosikia pande zote ndo zinachukua besi vizuri zaidi, zipandishe stendi ndefu hadi usawa wa midomo ya mabomba ya mbele, mita 3 au 4 kutoka kwenye kinanda. Ukipata jozi ya pili iweke kati ya viti vya waumini, mita 10 hivi, baadaye utachanganya karibu na mbali utakavyo. Ubora wa kurekodi, biti 24 na kilohezi 48 zinatosha, atakayekwambia lazima 96 mwulize anasikia nini hapo juu. Kwa jozi moja hiyo kazi yote ni GB 7 tu, kadi ya simu inaimeza.

Halafu geini, yaani kiasi rikoda inavyokuza sauti inayoingia. Tafuta noti moja yenye sauti kubwa kuliko zote, noti MOJA siyo akodi, maana unarekodi bomba mojamoja, weka geini hapo ibaki na nafasi juu, afu bandika selotepu kwenye kile kitufe. Usikiguse tena hadi usiku wa nne. Nina kovu hapa. Zamani kidogo nilikuwa narekodi kinanda kidogo kwenye kakanisa fulani, nikafika kwenye Dulciana nikaona mstari kwenye skrini ni mwembamba kama uzi, roho ikaniuma nikapandisha geini "kidogo tu" na sikuandika popote. Nyumbani, mwezi mzima baadaye, nafungua seti, navuta Dulciana ambayo ni stopu ya kunong'ona, ya kumsindikiza mtu anayesali, na inapiga kelele sawa na Trumpet, na sikuwa na namna ya kujua ilipaswa kuwa ndogo kiasi gani. Nilibahatisha kwa sikio. Kila nikiisikia najua ni uongo. Uwiano wa stopu na stopu ndo kazi ya aliyevoisi kinanda, alisimama pale mwaka 1870 na kitu anakata midomo ya mabomba kwa kisu hadi ikae sawa ndani ya chumba kile, wewe unautupa kwa robo mzunguko ya kitufe.

Kabla ya kuanza na kila ukimaliza stopu, rekodi dakika moja ya feni inayopeleka upepo kwenye mabomba ikizunguka bila kii yoyote. Kila sampuli yako ina ule mvumo wa feni ndani yake, ukipiga stopu 10 na vidole 6 umewasha mabomba 60 na kila moja limekuja na feni yake, mvumo unapanda karibu desibeli 18, yaani unasikia bahari. Ile dakika moja unaipa programu ya kusafisha ijue adui ni yupi, iondoe kidogo, desibeli 10 hivi, SI ZAIDI. Watu wanaharibu hapa. Ukisafisha sana sauti inakuwa kama inatoka chini ya maji, na cha kwanza kufa ni mkia, kwa sababu mkia mwishoni unafanana na mvumo na programu haijui tofauti. Umekesha usiku wanne kungoja mikia iishe afu unaifuta kwa mausi. Bora feni isikike kidogo. Seti nzuri nyingi wanairudisha hata wenyewe kama sauti ya peke yake, ukiwasha kinanda unasikia fuuu, mwili unajua uko kanisani.

Nyumbani kuna kazi ya kukata na kutia lupu, na hii nitapita haraka maana utajifunza kwa kufanya. Sampuli ya sekunde 8 lazima izunguke ili uweze kushika noti hata dakika, unachagua sehemu katikati ambapo mwisho unafanana na mwanzo. Usichukue kipande kifupi, bomba halitulii hata siku moja, linayumba kidogo, lupu ya nusu sekunde itakupa wa-wa-wa-wa ya mashine, nenda sekunde 2 au 3 na ukiweza weka lupu mbili tatu tofauti kwenye faili moja. Kuna programu ya bure inaitwa LoopAuditioneer imetengenezwa kwa kazi hii hii. Majina ya faili panga tangu mwanzo kwa namba za MIDI (namba ambazo kompyuta inazitumia kutambua noti), C ya chini kabisa ni 036, yaani 036-C.wav, folda moja kwa kila stopu. Mimi nilianza na majina kama "diapason mpya kweli 2" na nililia.

Kwa programu anza na GrandOrgue. Ni ya bure, inakwenda Windows, Mac na Linux, na ramani ya kinanda (stopu gani iko ubao gani, faili gani ni ya kii gani) ni faili la maandishi ya kawaida unaloweza kuliandika na kulisoma mwenyewe. Hauptwerk ni ya kulipia, imekomaa zaidi, inaiga hata upepo unavyoyumba ukibonyeza noti nyingi ghafla, ila ramani yake ni ngumu kwa mtu anayeanza. Ukishakuwa na sampuli safi utahamia ukitaka, sampuli hazijali. RAM 16 inakutosha, mahesabu yangu jozi moja ya maiki haifiki GB 6.

Kasha la Swell lirekodi milango yake ikiwa wazi, kufunga na kufungua programu itaiga yenyewe. Tremolo ya Hook (ile ya kutikisa sauti) nayo iache, programu itaitikisa yenyewe, ni ya upole na kuitilia lupu ni adhabu. Ingekuwa Wurlitzer ya jumba la sinema ningekwambia kinyume, kule tremolo ndo roho ya kinanda, lazima uirekodi kama ilivyo na ulie nayo.

Sasa vile vibovu. Utakuta kii tano sita zimekufa, moja inalia bila kubonyezwa, na bomba moja limepinda shingo. Iliyokufa kabisa azima jirani yake, iburute nusu toni, na andika kwenye daftari kwamba hii ni ya kuazima. Inayotamka kwa kuchelewa kidogo iache. Yenye sauti ya pua kuliko wenzake iache. Najua kishawishi, kompyuta inakuruhusu kunyoosha kila noti mpaka 58 zote zifanane, ila mabomba ya mbao na bati yenye miaka 150 yakilingana kama mayai ya dukani, umetengeneza kibodi kwa njia ndefu. Na kinanda kizima kikiwa juu au chini ya 440 (kipimo cha kawaida cha siku hizi cha kutyuni noti A), kiache vilevile kwenye faili, kwaya ikihitaji utabadilisha kwenye programu.

Uliuliza mbona za Marekani ni chache. Moja ni zulia. Makanisa mengi ya Marekani yana zulia, viti vya mito na dari la chini, mkia sekunde moja na nusu basi, na mnunuzi wa seti anataka kujisikia yuko kwenye katedrali ya mawe, kwa hiyo watengenezaji kama Sonus Paradisi wa Ucheki wana Ulaya nzima ya mawe ya kuchagua. Mi binafsi napenda hizo kavu, unaweka mwangwi wako baadaye na unasikia bomba lenyewe, lakini sokoni tuko wachache.

Pili ni ngozi. Hook wako wa fimbo ni mzee lakini ana afya, ila vinanda vikubwa vya baadaye, mfano vya Ernest M. Skinner wa Boston, vinafungua vilango kwa vifuko vidogo vya ngozi vinavyojaa hewa, maelfu ya vifuko, na ngozi inakauka inapasuka, kwa hiyo kinanda cha miaka ya 1920 ambacho hakijatengenezwa kina mashimo kila stopu. Skinner ndiye aliyetupa ile French Horn ya kinanda ambayo ukiifumbia macho unaona mtu kakaa na tarumbeta yake, ni mali kweli, lakini ukifika na maiki unakuta noti 40 kati ya 61. Na hata zikiwa nzima kuna mtego, Swell ya vinanda hivyo mara nyingi ina mabomba 73 wakati kii ni 61, kumi na mbili za juu zinalia tu ukivuta kiunganishi cha okta (kinachoongeza noti ya okta ya juu), asiyejua anazisahau na seti inakatika hapo juu.

Tatu ni ukubwa wenyewe. Kile cha Boardwalk Hall, Atlantic City, kilichojengwa na Midmer-Losh kati ya 1929 na 1932, kina mabomba zaidi ya 33,000 na mbao saba. Kwa sekunde zetu 25 kila bomba hizo ni saa 229 mfululizo, siku tisa na nusu bila kulala wala lori kupita, na stopu ya pedali ya futi 64 noti yake ya chini inatikisa mara 8 tu kwa sekunde, maiki nyingi hata hazianzii hapo, na spika ya nyumbani kwako itafanya nini nayo sijui. Kile cha Wanamaker, Philadelphia, kiko ndani ya jengo la duka, kilianza kupigwa humo 1911, na lile duka lenyewe lilifungwa Machi 2025. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema kinanda kikubwa kiko salama kwa kuwa ni maarufu, mwache. Hivi vidogo vya stopu 18 ndo vinaondoka kimya kimya, na ndo pekee ambavyo mtu kama mimi na wewe tunaweza kuvimaliza.

Cha kufanya Jumapili hii, kabla hujakodi chochote: watu wakishatoka, simama katikati ya kanisa, simu yako inarekodi, piga kofi moja kali, nyamaza sekunde tano. Fanya hivyo mara tatu, sehemu tatu. Afu piga picha kibao cha jina na vile vitufe vya stopu vyote, kushoto na kulia. Nitumie hivyo viwili, nikisikia lile kofi nitakwambia stendi uziweke wapi.